Kiti cha Ghorofa ya Tano

Majira yale ya baridi Kutaisi ililala gizani.
Umeme ulikuja kama mgeni asiyependa kukaa:
nusu saa, akaaga.
Lifti ilikwama baina ya ghorofa ya pili na ya tatu,
na maji hayakuwa na nguvu za kupanda.

Tsiala wa ghorofa ya nane alimzika Vazha mwezi wa Novemba.
Watu walijaa. Walileta mkate, walileta divai,
walileta yale maneno ambayo kila mtu anayo akiba nyumbani.
Kisha arobaini ikapita,
viti vya kuazima vikarudi kwa wenyewe,
na msiba ukabaki na mtu mmoja.

Simlaumu yeyote.
Wiki ile mama yangu alikuwa akichoma miguu ya meza yetu jikoni,
mmoja baada ya mwingine.

Otar aliishi ya saba, chini ya Tsiala.
Kwa miaka kumi na mmoja hawakusalimiana,
kisa bomba aliloliziba Vazha kwa kitambaa na kiburi,
maji yakavuja, yakachora darini kwa Otar
doa la rangi ya chai, umbo la mbuzi.
Walitukanana matusi ambayo mama alinizibia masikio,
nami nikayajua yote.

Basi alfajiri moja, kitandani kwetu ghorofa ya tatu,
nikasikia hatua, na tone, tone,
likipita mlangoni.
Nikachungulia: Otar, kofia ya manyoya, ndoo ya bati.
Nikamfuata kwa soksi, kimya kama paka.
Akaupita mlango wake mwenyewe.
Akaitua ndoo kwa Tsiala, akagonga mara moja,
akageuka upesi kabla hajafunguliwa,
kama mwizi aliyekuja kuacha.

Kesho yake tena. Na keshokutwa.
Vidato mia na arobaini na vinne. Nilivihesabu mimi.

Sijui Tsiala alimgundua lini. Najua alichofanya.
Januari kikohozi kilimwandama Otar,
kikimkamata palepale, ghorofa ya tano,
akiegemea ukuta, ndoo kati ya miguu,
kama anayaomba mapafu yake radhi.
Siku moja akafika pale, akakuta kiti.
Kiti cha Vazha, chenye mto wa buluu,
ambacho tangu Novemba hakuna aliyethubutu
hata kukifuta vumbi.

Otar alisimama mbele yake muda mrefu.
Akavua kofia.
Akakaa.

Februari nikawakuta wote wawili,
yeye kitini, Tsiala kwenye kidato, gauni jeusi,
anavunja kokwa za jozi kwa kisigino cha kiatu,
moja yake, moja ya Otar.
Alikuwa akisimulia jinsi Vazha alivyokoroma.
"Nilikuwa namsikia," Otar akasema.
"Miaka yote hiyo. Sasa silali,
kimya kinaniamsha."

Hapo ndipo Tsiala alipolia.
Kilio ambacho hakukilia makaburini
kilishuka ngazi zote, kikaingia kila nyumba,
na hakuna aliyefunga mlango.
Otar hakumwambia anyamaze.
Alimshikia kokwa zake zisidondoke.

Umeme ulirudi, kwa mafungu, kama deni linavyolipwa.
Bomba likatengenezwa na fundi wa kweli.
Tsiala akampelekea Otar kopo la chokaa:
lipake hilo doa, aibu inatosha.
"Nikilipaka," akajibu, "nitagombana nawe kwa kipi?"

Wote wawili sasa wamelala upande mmoja wa kilima.
Mwaka jana nilimpandisha mama kwa ngazi,
lifti imekwama tena, mkono wake begani kwangu,
tukimpelekea supu mjane mpya wa ghorofa ya sita.
Pale kwenye tano mama akaomba apumzike,
akakaa bila kuangalia nyuma,
kama mtu anayejua kiti kipo.

Mto umebadilishwa. Sijui na nani.