Kifundo

Babu Bienvenido alipozinduka hospitalini Teruel
alikuwa amepoteza neno la kijiko,
neno la maji, neno la Jumatatu,
na jina langu, Orosia, alilolichagua yeye mwenyewe
akagombana na ukoo mzima ili niitwe hivyo.
Yaliyosalia ni ya kazi.
Miaka hamsini na miwili ya kukarabati mapaa ya makanisa
ilikuwa imejichimbia ndani kuliko sisi.

Muuguzi alimuuliza: unaumwa wapi, mzee?
Akajibu: mafigo ya kuba yamefunguka,
jazeni kifusi kabla hamjaondoa viunzi.
Wakampima mkojo.
Mkojo ulikuwa safi.

Mimi ndiye niliyekwenda kuuliza mtaani,
nikaambiwa kumbe tao nalo lina mafigo,
pale linaponenepa likielekea ukutani,
na pasipojazwa mawe, mgongo hupasuka.

Basi nikanunua daftari la hesabu, la mirabamiraba.

Sabiniano, mpiga lipu, rafiki yake wa tangu ujana,
alinifundisha jikoni kwake huku akimenya vitunguu saumu.
Hana meno ya mbele; *almizate* ikitoka kinywani mwake
inatoka na upepo.
Andika, alisema. Hii ni kati ya dari, sehemu bapa ya juu.
Ni ya Waarabu. Usiniulize ya mwaka gani.

Niliandika.
*Canecillo*: kijibwa. Cha watu wa Kilatini.
Kinabeba ukingo wa paa kwa mabega,
miaka mia nane hakijabweka.
*Aldaba* ya mlangoni: waliotuachia waliiita mjusi,
nasi tunabisha hodi kwa mkia wake
bila hata kumsalimu.
Waliokuja na tao lililochongoka kutoka kaskazini
waliacha mishipa, ikipanda nguzoni hadi juu
kama mkononi mwa mtu aliyebeba ndoo.
Na *alcoba*, anamolala shangazi Engracia
chini ya dari iliyonyooka kama meza,
ilikuwa kuba.
Nani aliipiga pasi, Sabiniano hajui.

Mwezi wa Februari alinipandisha darini kanisani.
Baridi, mavi ya njiwa, harufu ya msonobari mkavu.
Tochi ikaangukia alama tatu za patasi kwenye boriti:
fundi alihesabu, ili kila kipande kirudi mahali pake.
Labda aliswali adhuhuri chini ya paa hili
kabla halijawa la padri.
Labda alikuwa na njaa tu, akitaka kumaliza.

Tazama, alisema Sabiniano.
Kombamoyo mbili zimeegemeana vichwa.
Zikiachwa peke yake zinalegea tumbo,
zinaangukia ndani, taratibu, kwa vizazi.
Kwa hiyo katikati kinawekwa hiki kifupi.
Hakionekani kutoka chini. Hakipakwi rangi nzuri.
*Nudillo*. Kifundo cha kidole.

Nilirudi na daftari wodini.
Nilisoma, babu akasahihisha kwa kuguna,
mara mbili akanipokonya kalamu
akachora mshazari niliokosea,
mkono wa kushoto, mstari ukitetemeka
lakini pembe ilikuwa sawasawa; niliipima baadaye.
Mama alisimama upande huu wa kitanda,
baba, ambaye hawajazungumza tangu talaka, upande ule,
nami katikati na daftari langu la mirabamiraba.

Babu alitutazama sote.
Akaushika mkono wangu, akaukunja ngumi,
akagonga kwa kidole pale mfupa unapojitokeza.
Nudillo, alisema.
Tena: Nudillo. Akanitazama usoni.

Mama akalia, kwamba hata mjukuu hamjui tena.
Sikumtafsiria.

Supu ilipoletwa, babu aliomba mwiko wake,
ule wa mpini wa mzeituni, wa kupigia lipu.
Nikampa kijiko.
Akakipima uzito, akaridhika.