Kipimo cha Uzi

Doti kumi na moja za vitenge.
Nimezihesabu mwenyewe, Mvumi, chumbani kwa mama,
nilipotumwa ungo nikafunua sanduku nisilotumwa.
Zote na karatasi zake za dukani,
zote zikinuka dawa ya nondo,
Krismasi juu ya Krismasi
za mtoto mwenye kazi mjini na asiye na muda.

Kutoa ni moyo, walisema waliotutangulia.
Macho hawakunitajia.
Kila Desemba nilisimama Majengo, saa mkononi,
nikimwambia muuzaji, "Nipe kinachopendwa na kina mama,"
kana kwamba kina mama ni mtu mmoja
mwenye kiuno kimoja na jina moja,
na jina hilo si Perusi,
wala hakuanguka na ndoo kwenye korongo
mwaka ule mvua zilipogoma,
mguu wa kushoto ukaungwa, ukabaki mfupi.

Nikafunika sanduku. Nikatoka na ungo.
Nikakaa nimtazame.
Alikuwa anamenya karanga
juu ya debe la mafuta lililopinduliwa,
gunia limekunjwa mara tatu juu yake,
na chini ya mguu mfupi, tofali la kuchoma.
Debe likimuuma upande huu, anahamia ule.
Kigoda cha marehemu baba kilikuwa pale pale,
kifupi mno; ukikikalia, kuinuka ni kesi.
"Hukujua?" dada yangu Wendo akaniuliza.
"Anakaa hivyo tangu uko sekondari."

Usiku nikachukua uzi wa kushonea magunia.
Kutoka sakafuni hadi juu ya debe, fundo.
Kutoka sakafuni hadi juu ya tofali, fundo.
Wiki tatu uzi ule ulikaa mfukoni na funguo za ofisi,
nikaupapasa vikaoni
kila mtu aliposema "utekelezaji".

Fundi Ndahani wa Chang'ombe hakucheka.
Aliunyoosha juu ya ubao wa mninga, akaanza kuuliza:
Hukaa ameelekea wapi?
Huegemea?
Mkono upi hujiinulia?
Sijui, nikasema. Sijui. Ngoja nimpigie Wendo.
Akachomeka penseli sikioni.
"Viti vya watu viko pale nje, bei poa," akasema.
"Hiki ni cha mtu."

Nikakipeleka Julai, bila sikukuu yoyote,
upepo ukitumwagia vumbi jekundu hadi kwenye meno.
Hakupiga vigelegele.
Alikizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani,
akakitikisa, akakaa.
Mguu mfupi ukakuta kibao chake kinaungoja.
Akanyamaza muda wa karanga saba, au nane.
Kisha: "Urefu alikupa nani?"
"Debe."
Akacheka mpaka kilemba kikamlegea.

Nilipoaga akanipa kopo la siagi, lile lile,
karanga za kukaanga, kama kila safari.
Nikalipokea kama kila safari,
nikiangalia simu.
Tulikuwa tunakaribia Ntyuka nilipolifungua.

Nyeupe.
Hakuna hata moja yenye lile ganda la ndani,
jekundu, jembamba kama karatasi ya sigara,
lililonikwama kooni darasa la tatu
mpaka mwalimu akanigonga mgongo mbele ya wote.
Nilikuwa nimesahau.
Yeye hajasahau: kopo baada ya kopo
amezisugua kwa viganja, amezipeperusha upeponi,
miaka ishirini na tisa,
akihama upande huu na ule juu ya debe,

na mimi nikidhani
karanga huzaliwa nyeupe.