Mto wa Rangi ya Chungwa

Aliniletea Jumanne, amelikunja kwapani kama gazeti,
jaketi okozi jipya, bado linanuka duka.
"Fundi Somoe, lifumue. Nitolee hiyo sponji
unishonee mto wa benchi. Makalio yameota sugu
kwa kusubiri mnada wa samaki."

Nikamwambia, "Hashimu, hili si la kukalia."
Akacheka. "Mimi nimezaliwa hapa Msangamkuu.
Nimevuka hadi Shangani kwa mikono hii
kabla sijaota ndevu. Maboya ni ya wageni wa bara,
wale wanaoshika ubao wa boti
kama mtoto aliyeshika kanga ya mama."

Nilikuwa na deni la uzi. Elfu tatu ni elfu tatu.
Nikashika wembe.

Mshono wa jaketi si mshono wa gauni.
Umepitiwa mara tatu, uzi mnene, ncha zimefungwa nyuma;
aliyeushona, huko alikoushonea,
alikuwa anafikiria uzito wa mtu.
Vidole vilijua kabla ya kichwa.
Nikafumua hivyo hivyo,
na filimbi ndogo iliyoning'inia begani
nikampa mwanangu achezee.

Usiku wenyewe siujui. Nasema aliyoyasema Chilumba:
mashine ilizima, wimbi likaja ubavuni,
boti ikageuka kama chapati kikaangoni.
Wawili majini, wote hodari wa kuogelea.
Saa ya kwanza walitaniana.
Saa ya pili waliitana majina.
Kisha Hashimu akasema mguu umekaza,
akasema tena, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi,
halafu hakusema.

Chilumba alivaa jaketi kuukuu la shemeji yake,
limepauka, kifungo kimoja ni kamba ya nyavu.
Alisinzia. Ndiyo, alisinzia baharini,
kidevu juu, kama mtoto mgongoni,
na asubuhi mtu wa Mgao akaona doa la chungwa,
akadhani ni dumu.

Matangani nilikwenda na mchele kilo mbili.
Wanaume wamekaa nje, kwenye benchi,
na juu ya benchi, mto wangu.
Pembe zimekaa sawa. Kazi safi, hata mwenyewe niliona.
Karani wa mnada, mtu mzito, ameukalia anakula wali,
na sponji haikubonyea.
Ile sponji hainywi maji, haichoki,
ilitengenezwa imbebe mwanamume mzima
usiku kucha.

Nikarudi nyumbani kuitafuta filimbi.
Mtoto alishaipoteza.

Siku hizi wanakuja na maneno yao.
Lina joto. Linabana nikivuta nyavu.
Wenzangu wananicheka.
Sibishani, mimi si mtu wa serikali, sina kipaza sauti.
Nasema simama wima, inua mikono,
nakaza mkanda mpaka jaketi ligome kupanda shingoni.
Mkanda uliokatika nashona bure.
Ukutani, chini ya bei ya suruali, nimeandika kwa chaki:
MABOYA HATUFUMUI.

Jana kaja Dadi, mtoto wa Hashimu, miaka kumi na sita,
ameubeba mto kwa mikono miwili.
"Fundi, unaweza kuurudisha ulivyokuwa?"

Siwezi. Niliikata sponji kwa kipimo cha benchi.
Ingekuwa sketi ningedanganya na kiraka.

Nikatoa elfu tatu. Nikaongeza za sare za shule,
nikaongeza za kodi ya cherehani.
Nikampima kifua: inchi thelathini na nne.
Nikaandika kwenye daftari, ukurasa ule ule
wenye kanzu ya baba yake.
Kesho tunavuka wote kwenda dukani.

Nguo zako zote nimezikata kubwa, nikamwambia,
ili ukue nazo.
Hili litakutosha leo.