Ghalani Tandahimba

Gunia la kwanza sitini na mbili,
la pili hamsini na nane.
Programu yangu ikajibu: 6258.
Karani Nampoto alicheka hadi akaegemea mizani:
"Somoe, korosho zimezaa njiani?"

Kilo nilizifunga ndani ya alama za nukuu,
kompyuta ikazisoma maneno,
ikaziunga kichwa kwa mkia.

Nikageuza kila kitu kuwa namba. Kila kitu, kwa hasira.
Jioni ujumbe wa malipo haukumfika Bi Nachihangu:
simu yake imedondosha sifuri ya mbele.

Kumbe kilo hujumlishwa,
namba ya simu ni jina
lililovaa tarakimu;
ukilihesabu, haliitiki.

Na kisanduku cha "amelipwa?"
kina ndiyo, kina hapana.
Bi Nachihangu yuko mlangoni.
Njoo kesho
hakina.