Kibaba

Mwalimu Katana,
swali lilisema: eleza, haba na haba hujaza kibaba.
Halikutaja subira. Halikutaja akiba
wala mtoto mwenye bidii.
Lilitaja haba. Lilitaja kibaba.

Basi nikarudi nyumbani, Langoni,
nikatwaa kibaba cha mama, kile cha bati chenye kutu kitakoni,
nikakijaza mchele, nikakisawazisha mdomo kwa rula,
nikamwaga mkekani
na kuanza.

Ijumaa. Jumamosi. Jumapili hadi adhana ya alfajiri.
Kumi kumi ndani ya vifuniko vya soda,
mia mia ndani ya vikombe vya kahawa.
Ndugu zangu walilala.
Mama hakuuliza kitu, alisogeza taa.

Nikaandika: punje elfu ishirini na tisa, mia sita na arobaini.
Nikaongeza: zilizovunjika nimezihesabu nusu nusu.

Ukanipa sufuri ya wino mwekundu,
na pembeni: Barke, unacheza na mimi?
Nilikaa na swali lile wiki nzima.
Sikuwa nikicheza. Nilitaka kukwambia,
ila hakuna aliyenifunza
kwamba yapo maswali yasiyotaka jibu.

Uliniambia nikutazame machoni.
Mato, kwetu tunaita mato.
Yako yalikuwa na mishipa mitatu kushoto, miwili kulia,
na nikiyatazama sisikii neno.
Nikitazama kifungo chako cha pili,
kile kilichoshonwa kwa uzi wa buluu,
nasikia yote, hata pumzi kabla ya neno.
Nilichagua kukusikia.
Ukakiita kiburi.

Nikasema taa ndefu ya darasani inalia.
Darasa likacheka. Ukasema taa haina mdomo.
Alhamisi iliyofuata ikazimika, isiwake tena.
Hakuna aliyekumbuka.

Ukasema: toka, na usirudi mpaka upate akili.
Nikatoka.
Nikakaa kizingitini nikijikagua:
nimeshaipata? Itakuja na dalili gani,
homa, au mwasho wa nyayo?
Bawabu alinikuta pale saa kumi na moja,
bado nikingoja.

Njia ya nyumbani ndiyo iliyonijua.
Vidole ukutani: chokaa laini ya kina Bi Mwanaheri,
kisha tumbawe, kali, lenye vijishimo,
kisha mlango wenye misumari kumi na saba, mmoja umeng'oka.
Punda akija, nageuka ubavu, naye anageuka ubavu.
Hatugusani.
Hatudaiani maelezo.

Siku uliyomwita mama ofisini
alikuja na unga wa mahamri kwenye ukingo wa buibui.
Ukasema mtoto huyu ni mjeuri, au ana kasoro,
kama mtu anayemfanyia mteja hisani ya kuchagua.
Mama hakuchagua.
Alisema: "Mwalimu, mimi nalimshikia taa.
Nawe, umezihisabu?"

Saa ya ukutani ilipiga mara kumi na nne
kabla hujakohoa.

Nina miaka thelathini na mmoja sasa.
Daktari mmoja Mombasa alinipa neno,
usonji,
herufi sita, nikazirudia njia nzima hadi Mokowe,
kama mtu aliyerudishiwa kitambulisho
alichokuwa hajui kimepotea.
Sikulia. Watu walitaka nilie.

Mwezi uliopita nilikiona kibaba kile
juu ya kabati la marehemu mama.
Nikakijaza. Nikakisawazisha kwa rula ileile.
Taa niliishika mwenyewe,
na mara mbili mkono ulinitetemeka, nikaanza upya.

Mwalimu, popote ulipo,
nilikosea. Si kwa lile ulilodhani.
Usiku wa tatu usingizi ulinichukua,
nadhani vikombe saba nilivihesabu mara mbili.
Ni elfu ishirini na nane, mia tisa na arobaini.
Tafadhali,
sahihisha.