Komeo la Ndani

Vyoo ishirini nilivijenga kwa siku nne,
mimi, Mitsanze wa Thoya, fundi wa mbao na mabati,
kwenye uwanja wa shule, juu ya Sabaki,
wiki ile mto ulipokula mashamba ya Garashi
ukateremka mpaka Malindi, na bahari ya mahoteli
ikageuka chai isiyo maziwa.

Nilipewa mchoro. Mchoro ulisema:
mlango, bawaba mbili, komeo moja.
Haukusema upande.
Nikalitia nje, mbuzi wasiingie.
Nikatia saini, nikalipwa, nikapigwa picha
nyundo mkononi.

Usiku wa pili akanijia Nyevu.
"Fundi," akasema, "mbuzi wako salama.
Mimi je?"

Nilicheka. Nakiri, nilicheka.
Akanihesabia hatua: mia mbili na kumi
toka turubai lake hadi choo cha karibu,
taa hakuna, na nyuma ya tangi wapo vijana
wasiofanya lolote, wamekaa tu,
wanakohoa mwanamke akipita.
"Ndani, mlango naushika kwa mkono mmoja.
Tangu Jumatatu hatunywi maji jioni.
Maji yametufukuza makwetu, fundi,
na sisi tuna kiu."

Nilidhani ameshamaliza. Alikuwa hajaanza.

Mezani kwa karani aliulizwa: mkuu wa kaya?
Akajibu: ni mimi.
Karani akarudia, polepole, kama anayemsemesha kiziwi:
Mume?
Yuko Mtwapa, mwaka wa sita sasa.
Jina lake?
Likaandikwa jina lake. Kadi ikatoka na jina lake.
Unga ukamngoja mtu wa Mtwapa.

Sanduku la msaada lilipofunguliwa
mlikuwa na blanketi, sufuria, mche wa sabuni,
na nyembe za kunyolea ndevu, pakiti tano.
Nyevu hana ndevu. Ana mabinti watatu,
na mwezi hauahirishwi kwa sababu ya mafuriko.
Basi wembe wa ndevu ukakata leso,
na maneno ya leso yakakatika nayo:
Dama akapata SUBIRA,
Kahaso akapata HERI,
kitinda mimba akabaki na YAVUTA, akauliza inavuta nini.

Kamati ilikaa saa kumi na moja jioni,
saa ya kuchota maji na kuwasha moto.
Nilikuwepo. Katibu akaandika, na mimi nikamwona akiandika:
*Wanawake hawakuwa na maoni.*
Hapo Nyevu akatokea, dumu kichwani, asilitue.
"Futa hilo. Andika kwamba nilikuja."
Mwenyekiti akasema kwa upole, kwa kweli kwa upole:
"Mama, kwanza watu washibe. Hayo mengine baadaye."
"Anayeshiba ni mwenye kadi," akasema.
"Na hiyo baadaye naijua. Niliolewa nayo."
Maji yakamdondokea begani. Hakuna aliyecheka,
hata mimi.

Kesho yake nikachukua bisibisi.
Hapakuhitajika bajeti, wala gari kutoka mjini:
parafujo zilezile, matundu mapya manne,
komeo likahama toka nje kuingia ndani.
Nusu saa kwa mlango. Nusu saa!
Hilo ndilo lililoniuma kuliko vidole.
Kahaso alinishikia tochi mpaka mlango wa kumi na tisa,
wa ishirini tukaumaliza gizani, betri zimekwisha.

Kadi bado ina jina la mtu wa Mtwapa.
Vijana wa tangi bado wanakohoa.
Lakini usiku ule, nikiwa nimelala karibu na jiko la shule,
nilisikia: *ta.*
Kimya.
Kisha mbali kidogo, *ta.*
Nikazihesabu kama mtu anayehesabu fedha zisizo zake.

Asubuhi nikamwita Nyevu aje aone kazi.
Akaingia, akafunga, akakaa humo kitambo.
Kisha nikaona kidole chake kikitokeza
katika tundu la zamani, pale komeo lilipokuwa,
kikinielekea.

"Na haya, fundi?"

Matundu manne kwa kila mlango, usawa wa jicho.
Nikaenda kutafuta nta.