Penye Mshono

Jino lako, Perez Anindo, liko mezani kwangu
ndani ya chupa iliyokuwa ya jemu.
Maji yake ya chumvi nayabadilisha kila Ijumaa.
Uliniambia nilitupe,
pamba bado imebanwa mdomoni,
kisha ukatamka, pamba na yote:
"Ni ile misumari yako, daktari."

Si misumari. Ni tupa,
nyembamba kama uzi wako wa kudarizi,
huzunguka mara mia tatu kwa dakika
ndani ya mfereji ambao hata siafu hangepita.
Nilizitia mwaka juzi, msimu wa mvua,
umeme wa Kondele ukikatika mara mbili,
nawe kitini umekumbatia mkoba
kama mtu anayeibiwa polepole.
Ulipona. Ukanishonea koti jeupe.
Mwaka huu gego likapasuka wima,
taji hadi ncha,
mbele ya sahani ya omena. Omena, si mfupa!

Nililikata. Unisamehe.
Usiku, kliniki imefungwa,
vumbi la Kibuye limelala madirishani,
nikalichanja vipande kwa msumeno wa almasi
nikaweka kimoja chini ya hadubini.
Nyufa.
Si ule mmoja tuliouona sote,
bali vijiufa vifupi, vya kimya,
vinaanzia mferejini vikielekea nje
kama njia za mbuzi zinazoshuka Riat kwenda ziwani.
Nikasema: basi, ni mimi.

Lakini nina chupa nyingine.
Magego ya mwanafunzi mmoja wa Maseno, yaliyoota kiubavu,
hayajawahi kuguswa na tupa ya mtu yeyote.
Nikalikata moja.
Nyufa zilezile.

Nikakaa. Feni inazunguka.
Je, ni koleo lililoling'oa? Ni msumeno?
Au ni kule kukauka, dakika kumi chini ya taa,
maana jino likikauka hupasuka
kama udongo wa Kano mwezi wa Februari?
Nikakata la pili likiwa limelowa, sikuliacha lipumue:
nyufa chache.
Si sufuri. Chache.
Nani basi wa kushtakiwa,
aliyechimba, au anayechungulia?

Nawe hukunisaidia, Perez.
Miaka arobaini ya miwa ya Chemelil
ukiitafunia upande huohuo,
na vizibo vya soda ukaving'oa kwa gego
ili wajukuu wacheke.
Wahenga walituhimiza kuziba ufa;
hawakutufundisha kuujua
siku uliyozaliwa.

Jana nilikuja kibandani kwako kukueleza haya yote.
Nilikuwa na karatasi, na mchoro.
Cherehani haikusimama.
Ukakata uzi kwa meno, upande wa kulia sasa,
ukasema: "Nguo ikirudishwa hapa imechanika penye mshono,
huwa namwambia mwenyewe kitambaa kilikuwa kibovu.
Mara nyingine ni kweli."

Mguu ukaendelea kukanyaga.
"Mara nyingine nilitumia sindano nene."

Karatasi niliirudisha mfukoni
mwa koti lile ulilonishonea.
Kwapani mshono umeanza kuachia.
Sikuutaja.